Zege halilali, ila kabla hujamwaga pita chini ya slabu kwanza

Timazi Kavu (mleta uzi) #1

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa 19 kwenye ujenzi. Nilianza Tabata nikiwa saidia fundi wa kubeba karai, nikahamia kwenye nondo, siku hizi nasimamia saiti za watu hapa Dar. Mimi si mhandisi, kwa hiyo anayetaka hesabu za nguzo aende kwa mwenye muhuri wake. Nataka kuandika kuhusu vitu vinavyovunja watu miguu na migongo, ambavyo macho yanaviona mapema kabisa, tatizo tumevizoea.

Wiki iliyopita nilipita kwa jamaa anayejenga ghorofa moja. Getini bango kubwa: HAKUNA KUINGIA BILA KOFIA NGUMU. Mlinzi kanivisha helmeti yenye jasho la watu kumi waliotangulia. Sawa. Napanda juu, nakuta uwazi wa ngazi uko mtupu, haujazungushiwa hata kamba ya manila. Yaani ningetumbukia nikiwa nimevaa helmeti yangu vizuri kabisa.

Ndiyo maana helmeti naiweka mwisho. Nikifika saiti nina maswali mawili tu. Mashimo yako wapi? Na hapa nini kimebeba nini?

Nianze na mashimo. Miaka kadhaa nyuma, saiti fulani ya ghorofa tatu, tulikuwa na kijana wa boksi, yaani zile mbao za kushikilia zege likiwa bichi, tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani. Slabu ya pili imeshakauka, tunafunga boksi za nguzo. Tundu la kupitishia mabomba, kama mita moja kwa sentimita 80, lilikuwa limefunikwa kwa kipande cha marini, zile plywood za boksi. Limefunikwa tu, halijapigiliwa. Foremani akapiga kelele kwamba marini zimepungua. Profesa akaona ile imelala pale haina kazi. Akainama, akaishika pande mbili, akainyanyua mbele ya kifua.

Jaribu mwenyewe nyumbani na mlango uliong'olewa. Ukibeba kitu kipana mbele yako, miguu yako huioni. Akapiga hatua moja mbele kuondoka.

Marini ilibaki juu imelalia tundu, yeye chini. Alipona, nyonga ikavunjika, leo ana kiduka na ngazi hapandi tena. Tangu siku ile mimi kifuniko cha tundu napigilia misumari pande zote na nakiandika kwa rangi nyekundu SHIMO, herufi kubwa kama za mabasi. Anayetaka kukiondoa itabidi akatafute nyundo, na akirudi na nyundo atakuwa ameshasoma.

Ukingo wa slabu nao ni shimo, tena refu kuliko yote. Unapigiwa mbao ya kiunoni, yaani mita moja hivi, nyingine ya katikati, na ubao wa chini sakafuni. Huo wa chini ndio watu huuona wa urembo. Kazi yake ni kuzuia nyundo au kipande cha tofali kisisukumwe na mguu kikamshukie mtu wa chini.

Sasa mirunda, ile miti inayosimamishwa chini kubeba boksi na slabu mpaka ikomae. Zege bichi lina uzito wa kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 maana yake kila mita moja ya mraba ina kilo 360. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni kilo 5,760. Hapo bado hujahesabu watu, toroli, na lile rundo ambalo vijana hupenda kulimwaga sehemu moja ndiyo walisambaze. Ni sawa na kuegesha Canter yenye mzigo juu ya vijiti vya mikaratusi. Vijiti vyenyewe vikinyooka na kusimama pazuri vinaweza, wala sivisemi vibaya, nimevitumia maisha yangu yote. Ila pita chini uvitazame:

Kuna mrunda ulioungwa katikati kwa mabanzi mawili na misumari minne, kwa sababu ulikuwa mfupi. Kuna uliosimama juu ya vipande viwili vya tofali la mchanga, na tofali limeshapasuka. Kuna uliosimama juu ya udongo wa kujazia ambao jana ulinyeshewa. Kuna mstari mzima ambao haujafungwa kwa mbao za mshazari, kwa hiyo mmoja ukiteleza unaondoka na wenzake. Kipimo changu ni kiganja. Naupiga kila mrunda kofi moja la nguvu. Ulioshika unaniumiza mkono. Unaocheza, kabari yake imelegea, na huo haujabeba kitu, maana yake jirani yake amebeba mizigo miwili.

Na kuing'oa! Zege linapimwa nguvu yake kamili siku ya 28. Siku ya 7 liko kama theluthi mbili. Mirunda ya katikati ya slabu kwa kawaida hukaa wiki mbili hadi tatu, na mhandisi ndiye anayesema ngapi. Lakini mirunda ni ya kukodi, inahitajika juu kwa slabu inayofuata, basi siku ya 6 usiku mtu anaanza kuchomoa mmoja mmoja. Baraza linaloning'inia ndilo lenye visa. Lile unaanza kuchomoa nchani ukirudi ukutani. Ukianza ukutani, baraza zima linabaki limeegemea ncha, zege halikufungwa nondo kwa ajili hiyo.

Nitaendelea na udongo, umeme na majukwaa. Acha nile kwanza.

Nanga Bandarini #2

Natia nanga hapa. Endelea mkuu.

Kijiko cha Chuma #3

Mleta uzi unatisha watu. Tumejenga Kinondoni nzima kwa mirunda na kandambili, majengo yapo. Ukianza habari za mbao za kiunoni kila ghorofa, mteja anakukimbia anaenda kwa fundi wa bei nzuri. Wewe unasimamia saiti za wenye hela.

Timazi Kavu #4

@Kijiko cha Chuma, majengo yapo, sawa. Tuwahesabu na mafundi waliotoka humo wakichechemea?

Kuhusu hela nakubali nusu. Jukwaa la chuma ni gharama, mkanda wa usalama ni gharama. Lakini kwenye yale niliyoandika juu, gharama iko wapi? Misumari ya kifuniko? Kofi la kiganja? Mbao za kiunoni unatumia zilezile za boksi, ukimaliza unazing'oa. Udongo wa msingi kuumwaga mbali kidogo na ukingo ni chepe lilelile na jasho lilelile.

Na hapo nirudi kwenye udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo ina kati ya tani moja na nusu na karibu tani mbili ukiwa na maji. Mtu akifukiwa hadi kifuani, kichwa kiko nje, anaongea na wewe, bado anaweza kufa. Kila akitoa pumzi kifua kinapungua, udongo unaziba ile nafasi, pumzi inayofuata inakuwa ndogo. Tena msimvute kwa kamba wala kwa kijiko cha mashine. Mnamfukua kwa mikono na machepe mafupi kuanzia kifuani, huku mmeshaizuia ile kingo isishuke mara ya pili. Na mmoja wenu awe ameshapiga 114, Zimamoto.

Mtaro ukishafika mita moja na nusu mimi siteremshi mtu bila kuulaza ukingo au kuuzuia kwa mbao na mirunda. Kwa mchanga wa Mbagala hata kabla ya hapo. Ulichochimba kiweke angalau hatua moja kutoka ukingoni. Asubuhi, na baada ya kila mvua, tembea juu ukitafuta ufa unaokwenda sambamba na mtaro. Ufa ule ukiuona, ukingo umeshaamua kushuka, haujakwambia tu saa ngapi.

Kuchimba pembeni ya jengo lililosimama au chini yake, hilo ni suala jingine kabisa, hapo fundi kaa pembeni uite mhandisi. Jengo la Kariakoo la Jumamosi ile ya tarehe 16 Novemba 2024 lilishuka na watu wakiwa madukani, na kilichozungumzwa sana ni kazi ya kuchimba chini yake. Na lile la mtaa wa Indira Gandhi, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, lilikuwa bado linajengwa. Watu 36 walikufa.

Fezi Tatu #5

Fundi umeme hapa. Nitakuwa mfupi.

Moja. Waya wa ekstensheni umechomekwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, plagi hakuna. Waya wenyewe umelala kwenye dimbwi la maji ya kumwagilia slabu. Hii nimeiona kwenye saiti nyingi kuliko nilizoona ziko sawa.

Mbili. Vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane. Mtu ana gambuti limetoboka, kasimama ndani ya zege bichi, kashika mashine ya umeme. Huwezi kutengeneza njia nzuri ya umeme kuingia ardhini kuliko hiyo. Bodi ya umeme ya saiti lazima iwe na swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila asubuhi. Isipokata, haifanyi kazi, usijidanganye na taa ya kijani.

Tatu, hii ndiyo inayoua papo hapo. Nondo ina urefu wa mita 12. Ghorofa ya kwanza, mtu wa chini anaisimamisha, wa juu anaipokea. Ikiwa wima inayumba. Barabarani kuna laini ya kilovolti 11 au 33. Nyaya zile hazina ganda, na nondo si lazima iguse, ikisogea karibu vya kutosha umeme unaruka. Wote wawili, wa juu na wa chini. Nondo zipandishwe upande wa nyuma wa jengo, zikiwa zimelala. Kama hakuna nyuma, nenda TANESCO kabla hujaanza ghorofa, uulize kuhusu kuhamisha au kuzima. Mlolongo upo, ndiyo, lakini si mrefu kama msiba.

Akikamatwa mtu na umeme wa saiti, usimguse. Kata umeme kwenye bodi kwanza.

MamaSupu wa Saiti #6

Mimi ni mama lishe, napika kwenye saiti mwaka wa saba. Nyie mafundi mnaniona nachota ugali, mimi nawaona nyie.

Mwanzo nilikuwa naweka mafiga yangu chini ya slabu, pana kivuli na upepo hauzimi moto. Siku moja wanamwaga zege juu, maji ya simenti yananidondokea kwenye maharage. Nikasogeza sufuria hatua tatu. Yakadondoka tena. Nikainua macho, naona mbao za boksi zimetengana, uwazi wa kidole. Nikabeba sufuria na watoto wa watu waliokuwa wanakula nikawatoa nje, foremani ananiambia mama acha uoga, zege linavuja siku zote. Halikuanguka siku hiyo, sisemi lilianguka. Walipiga kabari wakaendelea. Lakini mafiga hayakurudi pale.

La pili ni miguu yenu. Zege linaingia ndani ya gambuti, kijana hatoi, anasema nitanawa nikimaliza. Zege halilali eti. Jioni anavua, ngozi inatoka na soksi. Haimuumi mwanzo, ndiyo ubaya wake, unadhani ni unyevu tu. Wanakuja kwangu kuomba mafuta ya kupikia wapake! Nawaambia maji, baba, maji mengi yanayotiririka, mpaka mchoke, halafu hospitali. Mafuta yangu ni ya chapati.

Timazi Kavu #7

Mama, heshima yako. Simenti ikiwa mbichi inaunguza kama magadi makali, na mtu aliyepiga magoti kwenye zege saa tatu nzima anaweza kupoteza ngozi hadi nyama. Na wewe ndiye umefanya kitu ambacho mafundi hatufanyi, uliinua macho.

Wakati wa kumwaga, chini ya slabu hakai mtu. Hakai mlinzi, halali kibarua wa zamu ya usiku. Anayeangalia kabari anaangalia akiwa pembeni, na mtu huyo awe mmoja, anajulikana kwa jina, na akisema simama watu wa juu wasimame bila kumuuliza maswali.

Msee wa Mjengo #8

Huku Nairobi tunasema mjengo, na saidia fundi wenu ni mtu wa mkono. Nimekuwa mtu wa mkono Pipeline na Ruaka, najua hizo mirunda zenu, kwetu ni poles.

Naongeza mambo ya jukwaa. Kuna ubao tunauita mtego. Ubao umelala juu ya viguzo viwili lakini kichwa chake kimejitokeza nje nusu mita hivi. Ukikanyaga kile kichwa, upande wa pili unainuka kama pembea na wewe unaenda. Ubao upite kiguzo kidogo tu, usifike hata urefu wa mkono mpaka kiwiko, na ufungwe. Mimi kabla sijapanda natazama kutoka chini: kila ncha ya ubao iko wapi?

Halafu ile tabia ya kupanga mawe ya kujengea juu ya jukwaa ili fundi asikungoje. Mawe ishirini ya inchi sita ni uzito wa watu sita wamekaa pamoja mahali pamoja. Fundi anakuambia leta, leta. Wewe peleka kidogo kidogo, akasirike.

Na ngazi ya kujitengenezea: vipago visipigiliwe kwa mbele tu, vichongewe nafasi kwenye mti, maana msumari pekee ndio unabeba mwili wako. Iegemeshwe kwa kipimo cha nne kwa moja, ikipanda mita nne mguu wake uko mita moja kutoka ukutani. Ipite mita moja juu ya pale unaposhukia ili uwe na kitu cha kushika. Na ifungwe juu. Simu ya boda ikiita usipokee ukiwa ngazini, najua mtacheka.

Kijiko cha Chuma #9

Hiyo ya ubao mtego ni kweli tupu. Mimi mwenyewe 2017 nilipanda pembea hiyo. Meno mawili ya mbele si yangu.

Timazi Kavu #10

@Kijiko cha Chuma hahaha, na ulikuwa unatupinga hapo juu! Pole mkuu.

Mchimba Visima #11

Mmeacha kitu. Shimo la choo la zamani na kisima.

Mwenye kiwanja anataka shimo la zamani lisafishwe au kisima kiongezwe kina. Anashuka mmoja. Anaanguka bila kelele. Ndugu yake anadhani kateleza, anashuka kumtoa. Anaanguka. Jirani anashuka. Ndiyo maana ukisoma habari hizi ni watu wawili, watatu, hawa wa familia moja. Hewa ya mle ndani haina oksijeni ya kutosha au ina gesi ya kinyesi, ile yenye harufu ya yai bovu. Na gesi hiyo ikiwa nyingi inaua kwanza pua, husikii harufu tena ukadhani imeisha.

Mshumaa au kibatari kushushwa kwa kamba ni kipimo cha wazee, hakitoshi. Moto unaweza kuwaka vizuri na sumu ipo, na kama mle kuna gesi ya kuwaka umejilipua. Jambo lingine ni pampu ya petroli. Watu wanaishusha ndani ya kisima ili ivute maji karibu. Moshi wake unajaa mle, na sumu iliyomo haina rangi wala harufu ya kukushtua. Injini ikae juu, mbali na mdomo wa kisima.

Sheria yangu ni hii. Shimo la choo lililotumika halishukwi na mtu, linanyonywa na gari au linafukiwa linachimbwa jingine. Kisima nashuka nikiwa nimefungwa kamba kifuani, juu wako wawili wenye nguvu za kunivuta, na hewa imepulizwa chini muda mrefu kabla. Aliye juu akiona nimeanguka avute. Asishuke.

Anajenga Pole Pole #12

Habari zenu kaka na dada zangu. Nimesoma uzi wote nikiwa natetemeka. Najenga Goba, slabu ya ghorofa ya kwanza tunamwaga Jumamosi hii. Mume wangu yuko safarini, msimamizi ni fundi tuliyepewa na shemeji. Mimi ni mwalimu, sijui hata mrunda mzuri unafananaje. Nikienda kesho niangalie nini? Na fundi mwenyewe ni mtu mzima, ananiita mwanangu, nitaanzia wapi kumkosoa?

Timazi Kavu #13

Dada, usimkosoe. Mwombe akutembeze. "Mzee, naomba unioneshe kazi, nimpigie baba watoto video." Hakuna fundi anayekataa kuonesha kazi yake. Ukiwa chini ya slabu piga kila mrunda kofi. Usiogope kuonekana mshamba. Ukikuta unaocheza, muulize tu, "Huu mbona unacheza?" Atauona mwenyewe, na mbele ya simu yako atauita mtu na nyundo.

Tazama miguu ya mirunda: imesimama juu ya ubao mpana au juu ya kipande cha tofali? Ardhi ni kavu au imelowa? Panda juu, uulize tundu la ngazi litazuiwaje siku ya kumwaga, maana siku hiyo kutakuwa na watu wageni wa karai ambao hawajui liko wapi. Tazama nondo zilizosimama za nguzo za juu. Hizo mtu akizidondokea zinamchoma kama mshikaki. Chupa za maji zinazovishwa vichwani zinazuia mikwaruzo tu, ubao uliopigiliwa kukatiza juu ya vichwa ndio unasaidia. Mbao za boksi zilizobomolewa, misumari ing'olewe au ipindwe, pepopunda haina utani.

Halafu uliza wanaanza saa ngapi. Hili ni muhimu kuliko unavyodhani. Wakianza saa tano asubuhi kwa sababu kokoto imechelewa, watamaliza usiku wa manane, wamechoka, taa moja, watu wanapishana na karai ukingoni. Zege halilali lakini mtu anasinzia akiwa amesimama, nimemwona. Waanze saa moja asubuhi au waahirishe. Na mhandisi aseme mapema, mvua ikija au mashine ikiharibika, wasimamishe sehemu gani. Sehemu hiyo ichorwe kwenye boksi leo, wasije kuigombania usiku.

Mwandishi wa Karatasi #14

Nafanya kazi za ofisini kwa mkandarasi, niongeze la makaratasi. Huku Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali, na saiti ya ujenzi ni mahali pa kazi kama kiwanda. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Ile tabia ya kumkata kibarua hela ya gambuti haikubaliki. Pia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Mtu akiumia, ajali iripotiwe. Majina ya vibarua yaandikwe kila siku, hata kwenye daftari la shule. Nimewahi kuona mjane akiulizwa ushahidi kwamba mumewe alikuwa kazini siku ile, na hakuna hata karatasi yenye jina lake.

Msee wa Mjengo #15

Hiyo ya daftari ni kubwa. Kwetu sheria ya fidia ni ya 2007, lakini msee wa kulipwa kwa siku akianguka, kesho yake hakuna anayemjua.

Timazi Kavu #16

Helmeti niliahidi kuiweka mwisho. Vaeni, inasaidia kokoto na vipande vya mbao vikidondoka. Ikishapigwa pigo moja kubwa au ikipasuka, itupeni, na msiitumie kuchotea maji. Mkanda wa usalama nao, ndoano inafungwa juu ya kichwa chako kwenye kitu kinachoweza kukushika ukidondoka. Nimeona watu wameifunga kwenye ule ule mrunda wa jukwaa wanaloogopa kuanguka nalo.

Na aliyeanguka kutoka juu msimpakie kwenye bajaji amekunjwa kama shati. Alale alivyo, shingo ishikiliwe isicheze, aletewe ubao mpana. Marini ile ile.

Anajenga Pole Pole #17 (Jumapili)

Nimerudi kutoa mrejesho.

Ijumaa nilienda na simu yangu, nikamwomba mzee anitembeze. Nikapiga makofi mirunda yote, vijana wakacheka sana, wakaanza kuniita Injinia Makofi. Nilihesabu 64. Minne ilikuwa inacheza. Wa tano haukucheza, lakini ulisimama juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa juu chini. Ndoo ya plastiki! Nilipiga picha. Mzee akanyamaza kidogo, akamwita kijana, wakatoa ndoo wakaweka kipande cha mbao nene na mrunda mrefu zaidi. Hakuniangalia.

Tundu la ngazi walizungushia mbao, na kamba nyekundu juu yake. Nilinunua misumari mwenyewe.

Jumamosi kokoto ilichelewa kweli. Ilifika saa nne na nusu. Nikasema tuahirishe, mzee akasema watu wameshakuja, nikasema nitawalipa nusu siku warudi Jumapili. Alikasirika, akasema haya ni mambo ya mitandaoni. Nikampigia baba watoto, akaongea naye, wakakubaliana.

Leo tumeanza saa moja kamili, tumemaliza saa kumi na dakika kumi jioni, jua bado liko juu. Ndoo ile wamenirudishia nikaioshe. Mzee hajaniongelesha siku nzima, ila chai nimemwekea amekunywa vikombe viwili.

MamaSupu wa Saiti #18

Mwekee na maandazi kesho. Wataongea.